Mtini Ulioota Maguu

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nimepanda mlima kutoka ziwani hadi Maguu na kapu la usipa, dagaa wa Nyasa, kichwani, nina darasa la nne na kaptula moja, na watu wa juu wakiniita mla dagaa. Serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara ya kahawa, nilikuwa mtu wa kwanza kutoka kule chini Nyasa kukata leseni. Nimeuziwa kahawa yenye mawe chini ya gunia. Nimeona bei ikipanda asubuhi nikiwa sina fedha, na ikianguka jioni nikiwa nimejaza lori. Yote niliyaona ya kawaida. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Jumamosi ile jumuiya yetu ya kanisa itasali kwa mama mkwe wangu, na mimi nihudhurie, sikuwa na wasiwasi. Nilivaa koti nikaenda.

Ilikuwa Kwaresima, mvua za Machi zinanyesha. Nina haja ya kueleza mambo yalivyokuwa.

Mama mkwe alikaa Maguu, katikati ya shamba la kahawa lililopandwa na marehemu mume wake. Misimu mitatu nyuma, shemeji yangu, mtoto wake wa kiume, aliniuzia shamba lile akahamia Songea. Aliniuzia kihalali, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mama hakuulizwa, lakini aliendelea kukaa, akichuma kidogo kilichokuwepo, ananunua chumvi na sabuni. Na kilikuwa kidogo kweli. Zamani chama cha ushirika ndicho kilikuwa kinaleta dawa na mbolea kwa mkopo. Kilipoyumba, mibuni ikabaki yatima. Ugonjwa wa chulebuni ukaingia, punje zikawa zinakauka zikiwa bado changa. Kila msimu nilikwenda na magunia yangu nikarudi nayo yamekunjwa.

Basi niliamua. Mibuni ing'olewe, zichimbwe ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji na udongo mlimani, tupande maharage. Maharage ya huku hupandwa Machi, ukichelewa wiki mbili umepoteza mwaka. Nilikwishanunua mbegu. Nilikwishaongea na vibarua waje Jumatatu. Nyumba ya mama ingekuwa ghala, na mama angepelekwa Songea kwa mwanawe. Mke wangu aliponiambia kwamba mama yake amesema Songea atakwenda akiwa ndani ya sanduku, nilijibu kwamba mama yako anapenda maneno.

Mimi mwenyewe nisingeweza kumwambia. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja na hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani, unaingia majanini mpaka apite. Akisogea, unarudi nyuma. Ukiwa na jambo unamwambia mkeo, naye anamwambia mama yake, hata kama nyote watatu mko ua mmoja na mnasikiana vizuri. Tangu nioe sikuwa nimesemezana naye hata neno moja. Ndiyo heshima.

Siku ya jumuiya nilikaa mlangoni, uso nje. Yeye alikaa kwenye kona ya ndani, uso ukutani. Katikati walijaa majirani, na kati yao, nikaona, wapo vibarua wangu wa Jumatatu, na kiongozi wao, jamaa mmoja mwenye mabega kama mlango. Katekista akasoma Injili ya kesho yake: habari ya mwenye shamba aliyekuwa na mtini, miaka mitatu anakuja kutafuta matunda hapati. Akaagiza ukatwe. Mtunzaji akamwomba auache mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutilia samadi. Mtini hatuna huku, katekista akaeleza ni ndugu yake mkuyu. Kisha kama kawaida ya jumuiya akasema, kila mwenye neno aseme Injili imemgusa wapi, na hakuna kumpinga mwenzake.

Nilianza mimi. Siku zote naanza mimi.

"Hapa hakuna fumbo," nikasema. "Huyu ni mfanyabiashara. Miaka mitatu ardhi imekaliwa bure. Mtu gani mwenye akili angengoja? Neno lenyewe ni: kata."

Mvua ilisikika kwenye bati. Kila mtu mle ndani alijua Jumatatu kuna nini.

Mama mkwe akakohoa. "Mimi mwenzenu sikusoma," akauambia ukuta. "Nauliza tu. Huyo mwenye shamba, miaka yote mitatu, alikuja na nini mkononi?"

Katekista akarudi kwenye kitabu. "Haikuandikwa, mama."

"Jembe halikutajwa?"

"Halikutajwa."

"Haya. Nilidhani ni masikio yangu."

Mtu mmoja akacheka puani. Nikamgeukia mke wangu. "Mwambie mama yako kwamba jembe ni kazi ya mtunzaji."

"Baba watoto," mke wangu akasema, "hapa ni jumuiya. Injili haina mkalimani."

Nikauambia mlango basi. "Jembe ni kazi ya mtunzaji!"

"Kweli," mama mkwe akaujibu ukuta. "Na mtunzaji yupo, hakukimbia. Anaomba mwaka mmoja. Sasa katekista, samadi anaipata wapi mtu asiye na ng'ombe wala nguruwe?"

"Pengine kwa mwenye shamba," katekista akasema, akinikwepa macho.

"Nyie Waanglikana wa ziwani," yule wa mabega akanitania, "Injili yenu haina samadi?"

Watu wakacheka kwa sauti. Mimi nilikuwa nimebatizwa kule chini kwa Waanglikana nikahamia Ukatoliki kwa ajili ya ndoa, na hawakuacha kunikumbusha. Nilikasirika, lakini nilikasirika zaidi alipoendelea, maana sasa hakuwa anatania.

"Mimi nimeguswa pengine," akasema. "Mtunzaji anasema, usipozaa utaukata. Anamwambia mwenye shamba. Yeye mwenyewe hasemi atakata. Tangu mwanzo aliyeagizwa kukata ni yeye, lakini mwisho wa habari panga limerudi kwa tajiri."

Katekista alisoma tena mstari ule, taratibu. Ilikuwa hivyo. Nimesikia habari ile tangu utotoni, na sikuwahi kuona kwamba mtu anayeonekana mpole anamrudishia bwana wake panga.

Jumatatu vibarua walikuja. Nilishukuru moyoni, nikajua maneno ya jumuiya yameishia jumuiya. Mvua ilikuwa imepumzika, ukungu umekaa bondeni. Wakapanga mapanga na mashoka yao juu ya nyasi, wakasimama.

"Anzeni," nikasema.

"Anza wewe, bosi," akasema yule wa mabega. "Mti wa kwanza tu. Tukiona mwenye shamba amekata, sisi tunamaliza kabla ya saa sita."

"Mmekula hela ya posho!"

"Tumekula. Na tumekuja. Kuna mtu amekataa kazi hapa?"

Wenzake wakatikisa vichwa. Hakuna aliyekataa. Nikaona wananipima, nikasema moyoni: mimi? Mimi niliyehangaika kwa mikono hii mpaka nikanunua lori? Nikavua koti, nikachukua panga, nikaenda kwenye mbuni wa kwanza, chini kidogo ya ua wa nyumba. Niliinua mkono.

Mlango ukalia. Mama mkwe akatoka na jembe begani na ndoo ya majivu mkononi. Hakuniangalia. Alikuja moja kwa moja, kichwa ameinamisha, mpaka kwenye mbuni ule ule, akaanza kulima shina lake.

Ningefanya nini? Mama mkwe amesogea. Nikarudi nyuma.

Nikaenda mbuni wa pili. Akamaliza kumwaga majivu, akajitwisha jembe, akaja wa pili. Nikarudi nyuma tena, nikakanyaga tope. Nikavuka mistari miwili nikaenda mbali, nikainua panga haraka, na tayari namsikia nyuma yangu, nyayo zake kwenye majani makavu, haharakishi, anahema. Nikajaribu kukaza moyo, nikasema safari hii sisogei. Jembe likatua hatua moja kutoka mguu wangu. Niliona vidole vyake vya mguu na ukingo wa kanga. Jasho lilinitoka kama ninaumwa malaria. Kama ningebaki pale ningekuwa mtu gani? Watu wangesema nini ziwani, wangesema nini Mbinga, wanangu wangekuja kuoa wapi? Nikarudi nyuma.

Shamba lile linateremka. Alinishusha mti kwa mti, kwa heshima kabisa, mpaka nikajikuta mtoni, panga mkononi, viatu vimejaa maji, na vibarua wangu kule juu wamegeuka kutazama upande mwingine, mabega yanawatikisika.

"Mwaka mmoja!" nilipiga kelele kutoka mtoni. "Mwambieni mama, mwaka mmoja!"

"Amesikia," mke wangu akajibu kutoka uani.

Nikimwahidi mtu jambo nalifanya, na nikilifanya nalifanya kuliko wengine. Injili ilisema samadi, haikusema ya nani. Mwezi ule wa mvua kule ziwani usipa ulikuwa unaoza kwenye vichanja kwa kukosa jua, watu wanautupa. Nikashusha lori langu, nikapakia usipa uliooza mpaka juu, nikapanda nao Maguu. Harufu ilifika kabla ya lori. Mbwa wa kijiji kizima walihamia shambani kwangu, tukawa tunawafukuza kwa mawe huku tunafukia. Watu walipita wameziba pua na kanga. "Mla dagaa ameiletea na mibuni chakula chake," walisema. Mke wangu alileta salamu kwamba mama anauliza kama kuna mtu amekufa kwenye lori. Nikamjibu asubiri. Nikanunua na dawa ya chulebuni, nikakodi pampu, nikapuliza mwenyewe, maana vibarua nilikuwa nimewachoka.

Mibuni ikanijibu. Majani yalikuwa meusi kwa ubichi. Mvua za Novemba zilipoanza, shamba lilitoa maua meupe mpaka watu wakasimama barabarani. Mwaka wa pili, kuelekea Julai, matawi yalikuwa yanagusa chini.

Ndipo wasiwasi uliponirudia, safari hii kwa upande mwingine. Mwaka wa mtunzaji ulikuwa umekwisha na matunda yapo. Mama alikwishaanza kutandaza mikeka ya kuanikia. Je, anachuma nani? Kwenye karatasi shamba ni langu. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimesikia Injili, na nilijua mama hatanyamaza. Nikanunua Biblia yangu, nikakaa nayo wiki nzima, nafuata mistari kwa kidole, natafuta mahali mwenye shamba anapokula tini zake, nimwonyeshe. Mimi mikataba naisoma hivyo. Neno moja moja.

Sikupata. Habari inaishia mtunzaji anaomba. Haisemi kama mwenye shamba alikubali. Haisemi kama mti ulizaa. Lakini nilipata kitu kingine, kitu ambacho nina hakika hata mapadre wanakipita, na nilifurahi hata nikasahau nilichokuwa natafuta. Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa tena kwa mama mkwe. Zamu ya Injili ile haikuwa imefika, lakini watu wenyewe waliomba isomwe, wanataka kujua mwisho. Katekista alipomaliza tu, nilisimama.

"Mmesoma mara ngapi, hamjaona," niliwaambia. "Mtini huu umepandwa wapi? Ndani ya shamba la mizabibu! Shamba zima ni zabibu, mtini ni mmoja. Maana yake nini? Mwenye shamba hakuwa na njaa! Ana divai, ana mali, ana wafanyakazi. Hasira yake yote ile ni kwa mti mmoja ambao hata usingemlisha wala kumfukarisha."

Katekista alifungua mdomo. Akasoma tena. "Ni kweli," akasema. "Miaka yote nafundisha, ni kweli."

Niliketi nimevimba kifua. Nilikuwa bado naitikia vichwa vya watu aliposema mama mkwe, kwa sauti ndogo, kwa ukuta.

"Kwa hiyo zabibu alikuwa nazo."

"Nyingi," nikaujibu mlango.

"Na lori la kubebea."

"Lori halikutaj..."

"Naomba kuuliza tu, mimi ambaye sikusoma. Mtu mwenye zabibu zote hizo, mti ukizaa, ataleta kapu lake kugombania tini na yule aliyeshika jembe?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Yule wa mabega aliangalia miguu yake, mke wangu akaniangalia mimi. Mikeka ilikuwa inaonekana kupitia dirishani, mipya, imepangwa, na nilijua kila mtu anasubiri niseme haikuandikwa. Na kweli haikuandikwa. Lakini maneno ya mizabibu yalikuwa yangu, nimeyatafuta mwenyewe wiki nzima, nimeyasema nimesimama, mbele ya kijiji. Nikiyakana, mimi ni nani?

"Mwambie mama yako," nikamwambia mke wangu, "achume."

"Amesikia."

"Na Jumatatu twende kwa mwenyekiti, jina la mwenye shamba libadilishwe."

Sasa niliona bega la mama mkwe likishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Hakugeuka. Alimwambia mke wangu anikaribishe uji.

Padre alipokuja parokia yetu nilimweleza ile ya mizabibu, akaiandika, na nasikia anaihubiri mpaka Mbinga mjini bila kunitaja. Nimwache. Shamba, usipa, mafuta ya lori, dawa, kukodi pampu, mbegu za maharage zilizoliwa na panya ghalani, na posho ya vijana walionicheka, Injili ile ilinigharimu shilingi laki nne, elfu kumi na saba, mia mbili na hamsini.