Mwanafunzi Wangu Amekosa Maswali Yote kwa Makusudi

Admin, nifichie jina langu na la kijiji. Huku wenye bando la intaneti ni wachache, lakini habari zinafika.

Nina miaka 26, sijaolewa, ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Kilole, Korogwe. Nilisota mtaani miaka mitatu nikisubiri ajira, hivyo nilipopangiwa kijiji cha ndani upande wa Misima, Handeni, nilifunga begi siku hiyohiyo. Nina kiherehere, mama yangu hunisema kila siku, na ndicho kilichoniponza.

Shule haina nyumba za walimu. Mwalimu mkuu alinitafutia chumba kwa mzee mmoja wa kamati ya shule. Mwalimu aliyekaa humo kabla yangu aliondoka bila kuaga, hata sufuria na neti yake nilivikuta. Nikiuliza kulikoni, watu wanabadilisha mazungumzo.

Mzee ana binti wa miaka 14, nimwite Zaina, yuko darasa la saba ninalofundisha hisabati. Ana akili kunishinda mimi. Siku moja nilirudi na madaftari yake, nikamkuta mzee na wageni watatu barazani. Badala ya kuwaamkia na kupita, nikaropoka: "Shikamooni wazee. Mzee, huyu binti yako mwakani anakwenda bweni, hana mpinzani." Waliitikia marahaba. Mmoja akaweka kikombe chini, wakaaga. Walipoondoka, mama Zaina akaniambia, "Mwalimu, wale walileta barua ya posa." Nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu hapo mzee ananisalimia kwa upole unaonitisha. "Umelalaje, mwalimu? Chumbani hamna siafu?" Kila asubuhi, maneno yaleyale.

Wiki iliyopita tulifanya mtihani wa majaribio. Zaina alipata sifuri. Nikatafuta karatasi yake ya kukokotolea, majibu yote sahihi. Ila kwenye fomu ya majibu, palipo A kasiliba kiduara cha B, palipo B kasiliba C, hivyohivyo mpaka mwisho. Ili ukose yote namna ile lazima uwe unayajua yote.

Nilimwita. Hakulia. "Baba kasema nikifaulu, mama arudi kwao Mkumbara."

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. "Fundisha, saini, rudi nyumbani," akasema. "Hata mimi nina watoto huku."

Juzi mzee alinisubiri mlangoni kwangu. "Nasikia unamhoji mwanangu. Mgeni hula anacholetewa, mwalimu, haingii jikoni." Alikuwa anatabasamu, na mkononi ameshika ufunguo wa chumba changu. Sikujua kama upo mwingine. Sasa nasogeza meza mlangoni ndipo nilale, na bado silali.

Mtihani wa taifa ni wiki ijayo. Nikiripoti wilayani, kijiji kizima kitajua ni mimi, na mama Zaina, aliyenipikia tangu nifike, ataachika akiwa na watoto wanne. Nikinyamaza, Zaina ataolewa kabla matokeo hayajatoka, na walioleta posa nimewaona kwa macho yangu.

Leo baada ya vipindi alibaki darasani peke yake. Akaniuliza, "Mwalimu, siku ya mtihani nisilibe jibu la kweli au la baba?"

Nilijifanya nafuta ubao. Kesho ataniuliza tena. Ndugu zangu, mlio wazazi na mlio walimu, nimwambie nini huyu mtoto?