Mgeni Amelala, Meli Inasubiri

Katika kila ratiba ninayoandika ya kubadilisha mabaharia Bandari ya Mtwara kuna mstari mmoja ambao watu wa makao makuu ya kampuni ya meli huko ng'ambo hawajawahi kuuelewa. Ndege inatua saa sita mchana, baharia mpya anafika melini saa tisa. Kutoka uwanja wa ndege hadi bandarini si mbali hata kidogo, hata foleni ya malori ya korosho iwe ndefu namna gani. Kila mara wananiuliza saa hizo za katikati ni za nini, na kila mara ninawajibu: chakula na mapumziko. Ukweli wenyewe ni mrefu kidogo, na unaanza na hasira zangu.

Mimi ni mtu wa Njombe. Nilikuja Mtwara kufanya kazi kwa wakala wa meli, na kazi yangu ni kuhakikisha baharia aliyemaliza mkataba anashuka, mwenzake anapanda, na meli haichelewi. Napenda kupanga mambo. Hata nyumbani kwangu siku ya kufua na siku ya kwenda sokoni zimeandikwa ukutani, na mume wangu ameshazoea.

Msimu huo wa korosho iliingia meli ya kigeni ambayo fundi wake mmoja wa chumba cha injini alikuwa mtu wa Kitaya, kule kwenye Mto Ruvuma. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, lakini makao makuu yalikuwa yamepanga ashukie bandari ya mbele, India. Siku ya kwanza nilipopanda na karatasi zangu, alinisubiri juu ya ngazi ya meli.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa mvi zake zilikuwa nyingi kuliko zangu. "Binti yangu anaolewa Ijumaa. Ndiye mtoto pekee niliye naye. Nikishukia India, ataozeshwa na baba yake mdogo. Mimi nataka nimwozeshe kwa mdomo wangu mwenyewe."

Kutoka pale aliposimama hadi kwao ni safari ya asubuhi moja. Nilirudi ofisini nikawaandikia makao makuu barua pepe mpaka wakanichoka. Jumanne wakakubali, kwa sharti moja. Meli inang'oa nanga Alhamisi saa kumi na moja jioni, nayo haimsubiri mtu. Na kama ilivyo kawaida ya meli zote, hakuna anayeshuka mpaka wa kumpokea awe amekanyaga sitaha. Wakamtafutia Mfilipino mmoja, wakampandisha ndege tatu.

Alhamisi saa sita na nusu dereva wetu alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege. "Mgeni nimempokea, mama." Dereva huyo ni mtu wa Nanyamba, mtu mzima, mpole, na gari lake halijawahi kupata hata mkwaruzo. Nikaweka alama ya vema kwenye ratiba yangu. Nilikuwa nimepanga saa saba wawe getini.

Saa saba hawakuwapo. Saa nane hawakuwapo. Simu ya dereva iliita bila kupokelewa. Afisa wa uhamiaji alikuwa ameshakaa melini na mhuri wake, na mtu wa Kitaya alikuwa amesimama juu ya ngazi, kashika begi, kavaa kanzu tayari. Kila lori lililoingia alilitazama. Mimi presha ilipanda. Niliona ajali, niliona gari limepinduka, niliona barua yangu ya kuachishwa kazi. Nilikodi bodaboda nikaanza kuwasaka.

Gari nililikuta mtaa wa Magomeni, hapahapa Mtwara, limeegeshwa vizuri kivulini, mbele ya nyumba ya dereva. Barazani Mfilipino alikuwa amelala chali juu ya mkeka, viatu vimepangwa pembeni, pua ikikoroma. Kando yake palikuwa na sahani tupu na maganda ya ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini. Dereva alikuwa amekaa kigodani, anafukuza nzi kwa kipande cha boksi.

"Mzee!" nilifoka. "Unafanya nini?"

Akaweka kidole mdomoni. "Taratibu, mama. Mgeni amelala."

"Na simu?"

"Nimeinyamazisha. Ingemwamsha."

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza jambo la wazi kabisa. Mgeni alikuwa na siku mbili njiani, hajala chakula cha moto. Asingeweza kumtoa kwenye ndege na kumwingiza kwenye meli bila kumlisha. Walipanga wale tu na kuondoka. Lakini mgeni alishiba, akajinyoosha, usingizi ukamchukua. Sasa afanyeje?

"Mwamshe!"

Dereva alinitazama kama nimemwambia amchape. "Kwangu mgeni haamshwi, mama. Ataona tumechoka naye."

Nilikuwa mbogo. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikainama nimtikise mwenyewe. Mke wa dereva akatoka ndani akanishika mkono kwa upole. Alibiringisha kinu mpaka ubavuni mwa mkeka, akamimina muhogo mkavu, akaanza kutwanga. Baraza ilitetemeka. Kwenye pigo la tano la mchi Mfilipino akafumbua macho, akakaa, akatabasamu.

"Umeona?" dereva alisema kwa furaha kubwa. "Ameamka mwenyewe."

Tulifika bandarini saa kumi kasoro robo. Mfilipino alipanda ngazi na mfuko wa korosho za kukaanga alizofungiwa na mwenyeji wake. Mihuri ikagongwa, wawili wale wakakabidhiana kazi huko chini kwenye injini, na rubani wa bandari, yule wa kuiongoza meli itoke, alikuwa ameshapanda wakati mtu wa Kitaya alipotua gatini na begi lake. Nilianza kumwomba radhi. Nikamweleza yote, nikimtupia lawama dereva waziwazi, naye dereva kasimama palepale.

"Kwa hiyo amekula?" mtu wa Kitaya aliuliza.

"Amekula," dereva akajibu. "Na kulala amelala."

"Ahsante sana, kaka. Mtu anakwenda kukaa baharini miezi tisa kwa ajili yangu."

Wakapeana mikono. Mimi niliona aibu, sifichi. Mtu aliyekuwa na kikubwa cha kupoteza kuliko sisi sote hakuwa na kinyongo, nami niliyekuwa na karatasi tu ndiye niliyefoka.

Ijumaa tulialikwa Kitaya, dereva na mimi. Wanaume walikwenda msikitini, na sisi wanawake tulibaki uani mpaka vigelegele vilipoanzia njiani na kutufikia: baba amemwozesha binti yake mwenyewe. Binti alilia, nami nikalia naye ingawa sikuwa nimemjua hata saa mbili. Kisha ngoma ikaanza. Nikaletewa wali na samaki wa mtoni, nikala mpaka nikashindwa, nikasema nijinyooshe kidogo tu mkekani. Wiki nzima sikuwa nimelala vizuri kwa ajili ya ile ratiba.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshashuka. Viatu vyangu vilikuwa vimepangwa pembeni. Uani palikuwa kimya, na baba wa bibi harusi alikuwa amekaa kigodani hatua chache kutoka kwangu, katika siku aliyoihangaikia kuliko zote, anawafukuza kuku kwa kipande cha boksi.

Nilishtuka. "Ngoma imeisha?"

"Haijaisha," alisema. "Tumeihamishia kwa jirani. Ulikuwa umelala."