Katuni za Papa Kambale

Juzi mjukuu wangu alikuwa anasoma katuni: shujaa anapigwa, anaanguka, ukurasa unaofuata anaamka. Nikakumbuka soko la mpakani la Bwera na harufu ya samaki wakavu.

Papa Kambale, mchuuzi kutoka Butembo, ng’ambo ya mpaka, alituletea sisi watoto wa kambi ya jeshi katuni mpya kila wiki. Mchana ule redio yake ilikuwa inatangaza nyimbo zinazoongoza. Askari mmoja akaitaka.

“Hii iko yangu, afande.”

Yeye na wenzake wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka wimbo wa namba moja ukaisha, mbavu zikivunjika kama kuni kavu. Sikulia. Nilijua ataamka.

Wiki iliyofuata katuni alizileta mkewe, kichwa kimenyolewa. Nikamuuliza, “Mama, Papa ataamka ukurasa gani?”