Asubuhi Aliyokataa Kushuka Garini

Nilikuwa dereva wa familia moja kule Suwaidi, Riyadh, na kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kumpeleka shule binti yao wa miaka kumi na minne. Asubuhi moja tulifika getini, wenzake wakaingia, yeye akabaki kiti cha nyuma ameshika mkanda kwa mikono miwili.

"Tumefika," nikamwambia.

"Siwezi."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Siwezi tu."

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Nikazunguka mtaa, nikarudi, hakushuka. Nikazunguka tena, jasho likinitoka ingawa AC ilikuwa imewashwa. Kumrudisha bila ruhusa kungeweza kunipandisha ndege ya kurudi kwetu. Nikampigia madam, mama yake.

"Ana homa?"

"Hapana, madam. Ana huzuni."

"Huzuni si ugonjwa. Mshushe, yalla, upesi."

Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa akilia bila sauti. Binti yangu kule Kakamega aliwahi kuniambia kwa simu kwamba shule inamkaba koo, nami nikamwambia aache uvivu. Nikawasha indiketa, nikamrudisha huyu kwao.

Madam alinigombeza mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake alipanda gari mwenyewe, akakaa nyuma na mtoto wake ahakikishe anashuka. Alibembeleza, akatisha, mtoto hakushuka. Mwishowe akashuka yeye, akaingia ofisi ya shule peke yake. Nilikaa nikigongagonga usukani, nikishindwa kugeuka nyuma.

Aliporudi aliongea nami kana kwamba tulikuwa tunashauriana tangu jana.

"Wametaka barua ya daktari iseme ni tumbo. Nikakataa. Nimewaambia ukweli, wamempa wiki moja ya kupumzika nyumbani."

Wiki ile sikutulia. Niliamka saa ileile, nikaosha gari safi, nikakagua upepo wa matairi, nikasubiri kuitwa. Nyumba ilikuwa kimya mno.

Baada ya wiki binti alienda shule siku mbili, ya tatu akashindwa. Mwezi haukuisha, wakaamua ahamie kwa nyanyake Jeddah, kwenye shule ndogo. Niliwapeleka mimi. Alilala karibu safari nzima, na aliposhuka alinipungia mkono.

Sikumwona tena mpaka mkataba wangu ukaisha. Nilipomuulizia, madam alisema, "Siku nyingine anaenda, siku nyingine haendi. Walimu wake wanajua kwa nini."