Shangazi Alinidanganya Mwisho wa Mchezo, Nikarudi kwa Bwana Aliyekuwa Ananipiga

Admin, ficha jina langu kabisa. Hao wengine nimewabadilisha majina mwenyewe. Asalaam aleikum kwa Waislamu, na wengine habari zenu.

Mimi ni mama wa miaka sitini, mjane, niko hapa Isiolo na watoto watano na wajukuu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo Kiswahili changu kikikwaruza mnivumilie. Nilijifunza ukubwani, na shida yangu yote ilianzia hapo.

Miaka ya themanini nilikuwa msichana wa malishoni, nimeolewa na miaka kumi na tisa. Bwana alikuwa ananipiga, tena si kofi, ni fimbo ile ya kuchungia ng'ombe. Nikatoroka mpaka Kiwanjani, mtaa wa hapa Isiolo, kwa shangazi, dada ya baba yangu. Akanipokea, tukauza maziwa pamoja. Hilo namshukuru, sikatai.

Jirani yetu Mama Kendi, Mmeru mwenye duka, alikuwa na TV ya betri ya gari. Jumapili jioni mtaa ulikuwa unajaa kwake kuangalia mchezo wa Salome. Salome alikuwa mke wa karani mlevi, anapigwa kama mimi. Msimu wa kwanza anapigwa, wa pili anatoroka, na huo wa mwisho tukawa tunangoja tu: atarudi ama harudi? Wee! Watu walikosana. Kwa mfereji wanawake wanarushiana maneno, huyu anasema arudi kwake, yule anamuuliza, "Arudi akauawe?" Wawili walivutana mpaka ndoo ikamwagika.

Mimi Kiswahili nilijua cha salamu na cha kuuza maziwa tu. Shangazi ndiye alikuwa mkalimani wetu, sisi wa Kiborana. Anakaa katikati yetu kwa mkeka, Salome akifungua mdomo, shangazi anatuambia amesema nini. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimeapa: Salome akirudi kwa bwana, narudi. Akikataa, mimi pia sirudi tena. Nilimwambia shangazi hivyo kwa mdomo wangu huu.

Siku ya mwisho ikafika. Salome akasimama mbele ya mamake na mfuko mkononi, akaongea sana, akalia, kisha akapanda basi. Mchezo ukaisha hapo. Shangazi akatuambia, "Anasema amemsamehe bwana. Anasema mwanamke ni nyumba yake. Anarudi."

Mama Kendi na wenzake wakapiga vigelegele. Jirani mwingine, mchinjaji, akainuka na hasira, akapiga benchi teke, akatoka akitukana. Nikamuuliza shangazi, "Huyu naye ana nini?" Akasema, "Hataki mchezo uishe." Basi nikaamini. Nilimtukana Salome hapo mbele ya TV, nikamwita mjinga, mwoga, nikalia. Lakini kiapo ni kiapo. Asubuhi nikafunga nguo zangu, nikarudi.

Nilipigwa miaka ishirini na moja, mpaka siku alikufa. Sikio langu la kushoto halisikii mpaka leo. Na miaka hiyo yote, wallahi, sikumchukia bwana vile nilimchukia Salome.

Sasa skizeni. Mwezi uliopita Mama Kendi alikuja kunitembelea. Wajukuu wangu walikuwa wanalia mchezo wao wa TV umeishia vibaya, ati umeharibiwa, ati hawataangalia tena. Nikawaambia, "Nyinyi mnalia nini? Sisi Salome alituuza." Mama Kendi akacheka.

"Alituuza aje? Si alikataa! Si alimwambia mamake, 'Mama, mimi sirudi, nipe baraka niende'? Ngai, tulipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka!"

Nikamfanya arudie mara tatu. Halafu nikachukua buibui nikaenda kwa shangazi saa hiyo hiyo. Amepita miaka themanini, macho yamekwisha, lakini akili ni kali kama wembe. Nikamuuliza. Hata hakukataa!

Akasema, "Wazee walinituma nikuongeleshe, ukakataa kunisikia. Ulikuwa unamsikia huyo mwanamke wa TV peke yake. Basi nikampa maneno yangu."

Nikamwambia, "Shangazi, uliniona nikija na damu kwa nguo. Wewe ndiye ulinikanda." Kisha akaniuliza, "Na hao watoto wako watano, ungewatoa wapi?"

Nikatoka bila kuaga. Kumbe anajua pa kunishika! Watoto wangu wote walizaliwa baada ya mimi kurudi, na hakuna hata mmoja ningekubali kumpoteza. Lakini hiyo inafanya uongo wake uwe mzuri? Hizo fimbo nilipigwa mimi, si yeye.

Sasa hawezi kukaa peke yake tena, na hakujaaliwa mtoto. Ukoo umekaa, ukaamua nimchukue mimi, ati kwa sababu alinificha nilipotoroka. Ijumaa baada ya swala wanamleta hapa kwangu. Hakuna mtu nimemwambia alichonifanyia. Nikikataa, mji mzima utasema nina roho mbaya. Nikikubali, nitakuwa namlisha kwa mkono wangu huku nimejaa sumu moyoni.

Jana kitinda mimba wangu aliniuliza, "Mama, mbona umemkasirikia nyanya, na anatupenda hivyo?" Nitamwambia nini? Kwamba natamani ningebaki Kiwanjani siku ile? Hiyo si ni kumwambia natamani asingezaliwa?

Nipeni akili, watu wangu, na msinipe ile ya "samehe tu, watoto ni baraka." Hiyo shangazi ameshaniambia. Ijumaa wakibisha hodi na huyo mama, nifungue mlango ama nisifungue?