Kachukue Chai

Mpaka leo, nikishika bisibisi kwenye karakana yetu hapa Ujiji, kuna mtu anakohoa nyuma yangu. Namjua. Ndiye fundi aliyenifundisha kazi ya injini za boti, akaninyima kitu kimoja.

Kufungua injini alinifundisha, kusafisha plagi alinifundisha, hata kunisifu mbele ya wavuvi alinisifu. Ila ikibaki kuweka sawa ile parafujo ndogo ya kabureta, ili injini isizime majini, alikuwa ananipa kikombe chake cha bati: "Binti, kachukue chai." Nikirudi nakuta mlango umefungwa, injini inaunguruma vizuri. Iliniuma, jamani! Wenzangu walishachoka, wakaenda sokoni Mwanga kuuza nguo. Utajituma vipi kwa mtu anayekuona mwizi?

Miaka ile watu walikuwa wanakimbia vita ng'ambo ya ziwa, na boti zilizowaleta zilitengenezwa kwetu. Binti yake Fundi alikuwa huko huko. Akapanda boti kumfuata, akaniachia funguo za karakana. Siri hakuniachia.

Injini zikarundikana. Nilizifungua, nikazifunga, zikawaka, zikazima. Wenye boti walisimama mlangoni, ndugu zao wakiwa wanasubiri ufukweni kule. Mmoja akaniambia, "Dada, watu wanakufa, wewe unachezea spana." Alipoondoka nilimlaani Fundi kwa sauti, mchana kweupe.

Boti aliyoondoka nayo Fundi ikarudi. Nilikimbia ufukweni, namtafuta kwa macho, simwoni. Akashuka msichana mwenye grisi mpaka viwikoni.

"Wewe ndiye unayemchukulia baba chai?"

Akanieleza tukiwa njiani. Injini iliwagomea kabla hawajaondoka, baba yake akaitengeneza huku ameushika mkono wake wenye bisibisi, akamfundisha pale pale mchangani. Kisha boti ikajaa, ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Akamsukuma yeye ndani.

Tulipofika karakanani hata maji hakuomba. Akachukua bisibisi. "Ikaze mpaka ifike mwisho, usiilazimishe. Sasa irudishe taratibu. Usiangalie, sikiliza." Injini ikatulia, ikaunguruma bila kuzima. Ala! Kumbe ndiyo hiyo tu? Nililia kwa hasira, tena mbele za watu.

"Amesema nikuonyeshe kabla sijala chochote," akasema. "Na amesema chai yenyewe alikuwa anaimwaga."

Siku hiyo hiyo boti zikaanza kuvuka. Zilileta watu wengi, yeye hazikumleta. Hatukupata hata wa kutuambia alifia wapi.

Sasa tunafundisha sisi wawili, mlango wazi, na vijana wetu wanaipenda kazi kuliko nilivyoipenda mimi. Ila wakifika kwenye ile parafujo, kikohozi hicho hapo, na kikombe cha bati kinagonga meza. Sigeuki.

"Fundi," namwambia, "chai iko mezani. Leo usiimwage."