Mahindi ya Mchezo kwenye Foni

Tangu walimu Wakasai, watu waliotoka mkoa wa Kasai, wafukuzwe Kolwezi, Mama Ernestine hakukaa kitako. Alikuwa muuza unga wa mtaa wa Kapata. Kupima alijua, ila hesabu za mtihani wa serikali zilimshinda, na darasa la sita lilimwangukia kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka.

Akamwendea Bilali, mwenye malori na mwenye foni, ile redio ya kusemezana na miji ya mbali. Wakapatana: Ernestine amtunzie chumvi chumbani kwake pasipovuja, naye apate foni kila Jumamosi. Huko Mwene-Ditu mwalimu Kabeya, aliyeondoka na treni ya waliofukuzwa, alingoja kuwafundisha watoto hesabu.

Kabeya hakufundisha kwa hotuba. Alifanya soko: watoto wauze, yeye anunue.

"Kuko mahindi? À vous," akaanza Kabeya, yaani zamu yao kusema.

"Iko magunia makumi mbili, tata," akajibu Mignonne, mmoja wa watoto, "lakini robo imeoza. À vous."

"Mwizi weye. Ile ya muzima ni ngapi?"

Watoto wakacheka, wakahesabu. Lakini foni haina mlango. Kila mwenye redio kama ile husikia, na mwaka ule wa njaa neno mahindi lilikwenda mbio kuliko lori.

Katikati ya juma Ngoy, mchuuzi wa Sandoa, akaingia uani kwa Bilali na lori la mihogo mikavu, akitaka kubadilishana na mahindi.

"Ile mahindi ya foni iko wapi?"

Bilali akatuma Ernestine aitwe. "Mama, unaniharibia jina. Foni nafunga."

Mtihani ulikuwa mlangoni. Hakuomba radhi, maana kuomba radhi hushusha bei. Akaokota kipande cha muhogo, akakinusa, akakiuma.

"Tata Ngoy, utarudisha hii yote Sandoa, na njia ile? Kule chumvi muko nayo?"

"Chumvi? Tumesahau ladha yake."

"Tata Bilali eko nayo. Imejaa kwangu mpaka mi nalala pembeni. Mupatane wenyewe. Mi nataka foni tu."

Walibishana mpaka jua likapinda. Chumvi ikapanda, mihogo ikashuka. Bilali akakubali shingo upande foni isifungwe. "Lakini mbele ya yote museme ni muchezo."

Jumamosi foni ilikoroma, ikanyamaza. Ernestine akazunguka chumba.

"Ni muchezo, ni muchezo," watoto wakapaza. "À vous."

Wakarudia. Ndipo sauti ya Kabeya ikaja, nyembamba.

"Nasikia Kolwezi mumepata muhogo. Haya, Mignonne, gunia moja kwa chumvi ngapi? Na leo usinidanganye. À vous."